Vidonge vya Zege na Nyufa za Huruma

Usiku wa Ijumaa, Aprili 29, 2016, Nairobi ikipigwa na mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka katika mtaa wa Huruma, kando ya mto. Waliokufa walizidi 50. Mtoto mchanga wa kike alitolewa hai baada ya takriban saa 80, na siku ya sita wakaopolewa wengine wanne wakiwa hai. Jengo hilo lilikuwa limekwishaorodheshwa kubomolewa, na wapangaji walikuwa bado wamo ndani.

Wakati huo, zege linalojitibu, yaani linaloziba nyufa zake lenyewe, halikuwa ndoto tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Carolyn Dry wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alijaribu kutia ndani ya zege vijiti vya kioo vilivyojazwa gundi. Ufa ukipita, kioo kinavunjika, gundi inamwagika na kuganda papo hapo. Mwaka 2001 Scott White na wenzake wa chuo hichohicho wakaonyesha vidonge vidogo mno vikifanya kazi hiyo katika plastiki. Kisha, kuanzia 2006, Henk Jonkers wa Delft, Uholanzi, akaacha gundi akachukua bakteria: wanalala ndani ya zege pamoja na chakula chao, maji yakipenya ufani wanaamka, wanakula, na kutengeneza chokaa inayouziba. Mwaka 2015 huko Wales, kwenye barabara ya A465, zilijengwa kuta za majaribio zenye vidonge na bakteria, zikapasuliwa makusudi ili zichunguzwe.

(Mafundi wa pwani yetu, waliochoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea Gedi na Lamu, wangetabasamu. Chokaa ya zamani huyeyuka kidogo kwa maji ya mvua na kugandia tena ndani ya nyufa nyembamba, bila maabara yoyote.)

Mwaka huohuo wa 2015, mwezi Januari, jengo jingine lilikuwa limeanguka Huruma. Je, vidonge vingeliokoa? Sidhani. Dawa hii huziba nyufa zisizofika hata milimita moja, ili maji yasifikie nondo na kuzitia kutu. Inafaa handaki, daraja au tangi la maji. Nguzo iliyopunguziwa nondo, simiti iliyopunjwa, ghorofa iliyoongezwa juu ya msingi usioiweza: hapo hakuna ufa wa kuziba, kuna uzito usio na pa kukaa.

Kenya ilikwishaunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kwa sheria ya 2011, na wakaguzi hupiga alama ya X nyekundu kwenye kuta mbovu. Ila X haimhamishi mtu ambaye hana kodi ya kupanga kwingine. Anayepiga alama hiyo apewe pia uwezo wa kufunga jengo siku hiyohiyo, na fungu la kuwahifadhi wapangaji. Nawe mpangaji, ukiona ufa umekata nguzo, au mlango uliofunga vizuri jana umegoma leo, toka kwanza. Dipositi utaidai ukiwa hai.