Ziba Chini, Fungua Juu: Hewa ya Nyumba katika Historia ya Gisenyi

Wanaoandika historia ya mji wa Gisenyi huanza na mpaka, vita na ziwa. Hutueleza kwamba Wajerumani waliweka kituo chao hapa, kwamba Wabelgiji waliuchukua mji mwaka 1916, na kwamba kila volkeno ya Nyiragongo inapolipuka watu wa Goma huvuka mpaka na kuja kwetu. Katika insha hii nataka kufuata kitu kingine ambacho hakionekani, nacho ni hewa iliyomo ndani ya nyumba. Hoja yangu ni kwamba kwa muda wa miaka mia moja tumebadilisha kuta na paa bila kujiuliza hewa itapita wapi, na kwamba swali hilo lina uzito wa pekee katika mji uliojengwa karibu na volkeno.

Nianze na nyumba ya zamani. Nyumba ya Kinyarwanda ilikuwa ya mviringo, imesukwa kwa miti na kuezekwa kwa nyasi, na ilikuwa na mlango mmoja tu. Mfano wake unaweza kuonekana hadi leo katika jumba la makumbusho la mfalme huko Nyanza. Haikuwa na dirisha wala dohani. Moto uliwashwa ndani, juu ya mawe ambayo kwa Kinyarwanda huitwa *amashyiga*, na msomaji wa Kiswahili atayatambua mara moja kuwa ni mafiga. Moshi ulipanda, ukajipenyeza polepole katika nyasi, ukaua wadudu na kukausha paa. Sisemi kwamba nyumba hiyo ilikuwa bora. Moshi uliumiza macho na mapafu, hasa ya akina mama na watoto. Ninalosema ni kwamba paa lenyewe lilikuwa likipumua.

Baadaye yakaja matofali, saruji, vioo na mabati. Katika nyumba za enzi za Wabelgiji zilizoko ufukweni mwa Kivu, hewa ilipewa njia yake: dari ni za juu, baraza ni pana na madirisha yanatazamana. Lakini mwananchi wa kawaida aliyeiga nyumba hizo hakuwa na fedha za kuiga kila kitu. Alichukua ukuta na bati, akaacha dari na baraza. Kisha serikali ikaendesha mpango wa Bye Bye Nyakatsi, ambao kufikia mwaka 2011 ulikuwa umeondoa nyumba za nyasi karibu nchi nzima. Mpango huo uliwaondoa watu wengi katika nyumba zilizovuja na kushika moto kwa urahisi. Hata hivyo, bati halipumui kama nyasi. Nyumba ikikosa matundu ya hewa juu ya madirisha, au mwenyewe akiyaziba kwa matambara ili kuzuia baridi na mbu, hewa hubaki humo humo.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Gisenyi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua huwa na baridi. Mtu anayepanga chumba kimoja huingiza jiko la makaa ndani, akafunga mlango, akalala. Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Moshi wa kuni ulimwamsha babu yetu kwa kikohozi, lakini gesi hii haimwamshi mtu.

Je, wenzetu wa nchi za baridi walilitatuaje jambo hili? Mwaka 1858 mtaalamu wa afya wa Munich, Max von Pettenkofer, alipendekeza kwamba hewa ya chumba ipimwe kwa kiasi cha kaboni dayoksaidi kilichomo. Ikizidi sehemu moja katika elfu, chumba hakifai kukaliwa. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, wajenzi walianza kuziba kila ufa ili joto lisipotee. Nyumba ya majaribio iliyojengwa Regina, Kanada, mwaka 1977 ilizibwa hivyo, lakini iliwekewa pia mtambo wa kuleta hewa safi ambao ulitumia joto la hewa inayotoka kupasha ile inayoingia. Mwaka 1991 nyumba za Darmstadt, Ujerumani, ziliendeleza wazo hilo hilo. Somo lao ni moja: anayeziba nyumba ana deni la kuipa hewa kwa njia nyingine. Sisi tuliziba, lakini deni hilo wengi wetu hatujalilipa.

Hata hivyo, hatuwezi kunakili somo hilo lilivyo. Katika eneo la Goma na Gisenyi hewa mbaya hutoka pia ardhini. Kaboni dayoksaidi ya volkeno hupenya katika miamba na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Huua mbuzi, na huua watu pia. Wakazi wa ng'ambo ya mpaka huiita mazuku, na wanasayansi wa dunia nzima wameichukua istilahi hiyo wakaiandika katika makala zao. Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili hili si jambo dogo. Kabla ya vipimo kufika, wasemaji wa lugha hii walikwisha kuitambua hatari hiyo na kuipa jina.

Kwa hiyo hapa sakafu nayo ni sehemu ya historia ya hewa. Mwaka 1984, huko Pennsylvania, Marekani, iligunduliwa nyumba iliyojaa radoni kutoka ardhini, na tangu hapo wajenzi wengi wa huko wamejifunza kuziba sakafu kabla ya kufikiria kuta. Sisi tulikumbushwa jambo hilo Mei 2021. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, matetemeko yalipasua barabara na nyumba nyingi za Rubavu. Ukuta uliopasuka huonekana, na mwenye nyumba huutengeneza. Ufa wa sakafuni hufunikwa kwa mkeka, na katika ardhi ya volkeno ufa huo unaweza kuwa mlango wa gesi.

Ninahitimisha kwamba kanuni ya nyumba ya Gisenyi inapaswa kuwa hii: ziba chini, fungua juu. Sakafu iwe ya saruji isiyo na ufa, kitanda kisiwe chini kabisa, matundu ya hewa yabaki wazi, na jiko libaki nje. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtambo wa Regina. Jumba la Nyanza linatuonyesha jinsi paa la nyasi lilivyopumua, na neno mazuku linatutahadharisha na ardhi tunayolalia. Anayejenga leo katika mji huu anahitaji mafunzo yote mawili.