Kuzima injini: faini kubwa ni dawa?

Hapa Kampala, kwenye steji ambako mama zetu wanauza chapati, taksi zinangoja abiria huku injini zinanguruma. Moshi unaingia kwenye unga, kwenye macho, kwenye vifua vya watoto waliobebwa mgongoni. Juzi tulibishana kwenye kikundi: dereva anayeacha injini ikiwaka bure apigwe faini kubwa ama hapana? Tukaona tuangalie historia kwanza.

Mji wa New York ulikataza jambo hili tangu 1971. Gari likisimama, mwisho dakika 3. Karibu na shule, dakika 1 tu. Lakini sheria bila wa kuisimamia ni karatasi. Mwaka 2018 wakapitisha nyingine: raia akirekodi video ya lori au basi na kupeleka malalamiko, faini ikilipwa anapata robo yake. Faini zinaanzia dola 350. Hapo ndipo makampuni yakashtuka, maana karatasi ya faini inamfuata mwenye gari.

Uingereza walichukua njia ya upole. Kanuni za 2002 zinaruhusu halmashauri kumwomba dereva azime. Akikataa ndipo analipa pauni 20.

Na tusidanganyane kwamba ni harufu tu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu.

Sasa turudi steji. Dereva wetu mara nyingi gari si lake. Jioni lazima apeleke hesabu kwa bosi. Betri imechoka, akizima, ni kuita watu wasukume. Ukimpiga faini kubwa, atatafuta kitu kidogo cha kumpa askari, na moshi utabaki palepale. Kama ni mkimbizi, ataogopa mara mbili.

Lakini kifua cha mama hakiulizi gari ni la nani.

Kwa hiyo sisi tunasema: dereva aombwe kwanza, kama Uingereza. Akirudia, faini iwe nzito kweli, lakini impate mwenye gari, kama New York. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kununua betri mpya.

Wenzetu wawili wanaoendesha taksi bado wanakataa. Wanasema bosi atawakata tu kwenye hesabu ya jioni. Nyinyi mnaonaje? Tuandikieni hapa chini.