Ng'ombe anayechechemea: lini ni kwato, lini ni karantini

Ng'ombe wa maziwa anayechechemea katika soko la mifugo la Jinja au Mbale, mashariki mwa Uganda, humwachia mnunuzi swali la kujibu kabla ya bei: je, ni kwato tu, au ni ugonjwa wa miguu na midomo? Kwato hushusha bei ya ng'ombe mmoja. Ugonjwa wa miguu na midomo hufunga masoko ya wilaya nzima, kama ilivyotokea katika wilaya nyingi za Uganda mwaka 2023 na 2024.

Matatizo ya kwato huanzia zaidi bandani. Katika miteremko ya Mlima Elgon, karibu na Mbale, ardhi ni haba na wafugaji wengi hufugia ndani. Ng'ombe akisimama kwenye tope na mkojo wakati wa mvua, ngozi ya kati ya kwato hulainika na kuchanika, bakteria wakaingia. Mguu, kwa kawaida mmoja, huvimba na kunuka. Kwato zisizosuguliwa na mwendo nazo hurefuka na kupinda.

Tatizo gumu kuligundua linatokana na chakula. Pumba na molasi (Jinja haina shida ya molasi, kiwanda cha sukari cha Kakira kiko jirani) zikizidi majani, asidi huongezeka tumboni na kwato huuma kutoka ndani. Jeraha halionekani, na mnunuzi asiyemtembeza ng'ombe kwenye sakafu ngumu hupunjwa.

Ugonjwa wa miguu na midomo ni wa virusi. Huja na homa, udenda, na malengelenge mdomoni, kwenye chuchu na kati ya kwato, na huenea haraka kundini. Dalili huweza kuchelewa hadi siku 14, kwa hiyo ng'ombe mgeni hutengwa wiki mbili hata akionekana mzima. Chanjo ipo, dawa ya kuua virusi hivyo haipo.

Kwa wenye malori yanayoelekea Malaba au Busia, kibali cha kusafirisha mifugo ni lazima. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani humhesabu ng'ombe asiyeweza kukanyagia miguu yote minne kuwa hafai kusafirishwa.

Kuchonga kwato na kuziosha kwa maji ya mrututu ni gharama ndogo kuliko maziwa yanayopotea. Akidungwa antibiotiki, maziwa yake hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe.