Pikipiki iliyolala muda mrefu: Chunguza kwa mpangilio kabla ya kununua vipuri

PIKIPIKI iliyokaa ghalani miezi sita au zaidi haiamki kwa hasira za mwenyewe. Huenda mhudumu aliyekuwa akiiendesha aliugua, mmiliki alihamishiwa kazi mbali, au pesa za bima zilikosekana. Siku ya kuirejesha barabarani inapowadia, mwenyewe hupiga kiki hadi mguu ukafa ganzi, na injini isitoe hata kikohozi. Vijana wa kijiweni huitwa waisukume, na kufikia jioni fundi ameshaandika orodha ya vipuri vya kununuliwa: betri, plagi, kabureta na pengine koili. Mara nyingi kilichohitajika ni petroli safi, kipande cha waya laini na subira.

Injini ya petroli huhitaji vitu vinne: mafuta yanayowaka, hewa ya kuchanganyika nayo, cheche ya kuwasha mchanganyiko huo, na mgandamizo ndani ya silinda. Kimoja kikikosekana, vitatu vilivyosalia havifai kitu. Kwa hivyo chunguza kimoja baada ya kingine, ukianza na kile kisichokugharimu pesa, wala usinunue kipuri kabla ya kujua kilichoharibika.

Kabla ya kupiga kiki

Itoe pikipiki nje, mbali na jiko, sigara na taa ya moto. Mvuke wa petroli hutambaa chini na huweza kushika moto kutoka hatua kadhaa. Usifyonze petroli kwa mdomo kupitia mpira, desturi ambayo wengi wameizoea. Tone likiingia mapafuni huweza kumlaza mtu hospitalini, au hata kumuua.

Angalia kama panya wamejenga kiota kwenye chujio la hewa au wametafuna nyaya, na kama nyigu wameziba bomba la moshi kwa udongo. Pima mafuta ya injini. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, hivyo yamwage uweke mengine. Hakikisha gia iko huru, na swichi nyekundu ya kuzima injini haijafungwa. Kasoro hii ndogo imewaaibisha hata mafundi.

Iwapo imelala zaidi ya mwaka mmoja, toa plagi, tia kijiko kidogo cha mafuta ya injini ndani ya silinda, kisha ushushe kiki polepole mara kadhaa swichi ikiwa imezimwa. Kiki ikigoma kabisa, usiikanyage kwa nguvu. Huenda pistoni imeshikwa na kutu, na hiyo ni kazi ya fundi.

Betri

Betri hujimaliza yenyewe hata isipotumika. Betri ya volti 12 ya asidi iliyojaa husoma takriban volti 12.6 au zaidi ikiwa imetulia. Ikisoma 12 au chini, karibu imeisha. Safisha ncha zake kwa msasa, kisha uichaji taratibu, kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampea-saa 9 huchajiwa kwa takriban ampea 0.9. Ichaji mahali penye hewa, kwa sababu hutoa gesi inayolipuka. Ikiwa ni ya kuongezwa maji, tumia maji ya betri, si ya mfereji.

Kumbuka pia kwamba pikipiki hazifanani. Baadhi huzalisha umeme wa plagi injini inapozungushwa, hivyo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Nyingine hutegemea betri, na hizo hata ukizisukuma kilomita nzima hazitawaka.

Mafuta

Hapa ndipo penye chanzo cha shida mara nyingi. Petroli ikikaa miezi mingi, sehemu yake nyepesi inayowaka upesi huvukia hewani. Inayobaki hubadilika rangi, hunuka kama rangi ya kupaka mbao, na huacha gundi ndani ya kabureta. Matundu ya jeti, hasa ile ya mwendo wa chini, ni membamba mno, na gundi kidogo tu huyaziba.

Mwaga petroli yote ya zamani kutoka kwenye tangi, kisha fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta umwage iliyomo. Usiimwage mtaroni wala kuichanganya na mafuta ya taa ya jikoni. Ipeleke gereji inayokusanya mafuta machafu. Mulika ndani ya tangi uone kama lina kutu, na uhakikishe tundu la hewa kwenye kifuniko halijazibwa. Tia lita moja au mbili za petroli mpya, fungua koki, vuta choki, kisha upige kiki mara kumi hivi.

Plagi ni shahidi

Ikikataa, toa plagi uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki kwenye silinda: fungua kabureta, toa jeti, uzisafishe kwa dawa ya kabureta na uzipulize kwa pampu ya tairi. Ukitumia waya, uwe laini mno, kwani tundu likipanuka pikipiki itakunywa mafuta kupita kiasi.

Plagi ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayawashwi. Isugue, uikaushe, na upime nafasi ya ncha zake, ambayo kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 0.6 hadi 0.7. Irudishe kwenye kofia yake, ziba tundu la silinda kwa kitambaa, kisha gusisha chuma cha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu hilo, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa mpira. Piga kiki. Cheche nzuri ni ya samawati na hulia. Isipoonekana hata kwa plagi mpya, kagua fyuzi, swichi, kofia ya plagi na waya uliofungwa kwenye fremu, kabla ya kulaumu koili.

Mgandamizo

Zima swichi, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, kisha piga kiki. Hewa inapaswa kukisukuma kidole. Isipokisukuma, tia kijiko kidogo cha mafuta ya injini ndani ya silinda na ujaribu tena. Nguvu ikirudi, ringi za pistoni zimekauka au zimechakaa. Isiporudi, shuku vali, na hapo mwite fundi.

Ikishawaka

Usiiache ikinguruma ndani ya chumba. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua. Badilisha mafuta ya injini mapema. Kabla ya kubeba abiria, kagua breki, nyufa za tairi, mnyororo na taa, na uhakikishe bima haijaisha, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, huitaka kwa kila chombo kinachotumika barabarani.

Ukiilaza tena, funga koki uache injini iungue hadi izimike yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Toa betri uichaji kila mwezi, na uifunike pikipiki pahali pakavu. Kazi hiyo huchukua nusu saa. Kuifungua kabureta iliyoganda huchukua siku nzima, siku ambayo mhudumu angekuwa barabarani akitafuta unga wa watoto.