Kalemie Haikuanzia Relini

Historia ya Kalemie husimuliwa mara nyingi kuanzia 1915, mwaka ambao kampuni ya CFL ilifikisha reli ya kilomita 273 kutoka Kabalo, kwenye mto Lualaba, hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Baada ya hapo hutajwa bandari, karakana, makaa ya mawe ya bonde la Lukuga na kiwanda cha nguo cha Filtisaf, na mwisho mji mkuu wa jimbo jipya la Tanganyika mwaka 2015. Masimulizi hayo hayana uongo, ila yamekatwa kichwa. Mji huu uliitwa Albertville mpaka 1966, na jina hilo lenyewe linaizidi reli umri: Kapteni Alphonse Jacques alilitoa mwishoni mwa 1891 kwa boma alilolijenga karibu na Mtowa, kaskazini mwa mji wa leo. Tujiulize basi kwa nini alikwenda Mtowa.

Jibu lingali njiani. Msafiri akitoka bandarini asubuhi, akapita sokoni penye magunia ya ndagala waliokaushwa, akapanda vilima vya miombo na kuteremka tena ziwani upande wa Mtowa, kabla jua halijazama atakuwa amefika mahali pa kuvukia palipojulikana miongo mingi kabla ya reli. Miombo si msitu mzito. Mwanga unafika chini, na wapagazi wenye mizigo kichwani waliweza kupita kati ya miti; kuni na fito za kujengea vibanda zilikuwa pembeni tu. Ng'ambo ya pili ilikuwa Ujiji. Mwaka 1858 mpelelezi Speke alivuka kutoka huko kwenda kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi lake, maana yake ni kwamba wafanyabiashara wa pwani walikwisha kukaa upande huu wakiwa na vyombo vikubwa. Mwaka 1869 Livingstone naye alivuka akielekea Manyema, akifuatana na wafanyabiashara wa namna hiyo. Hata wamisionari wa London, walipotafuta kituo upande wa magharibi mwaka 1879, walikwenda Mtowa. Wageni wote hao walifika mahali ambapo wenyeji na misafara walikuwa wamekwisha kupachagua.

Mtu anaweza kupinga, na hoja yake ina uzito: reli haikufuata njia ya misafara. Misafara ilitoka Mtowa ikapanda milimani kuelekea Kabambare na Kasongo, ilhali reli ilifuata bonde la Lukuga. Nakubali. Lakini Lukuga nao una habari yake, nayo haianzi na wahandisi. Mpelelezi Cameron alipofika mlangoni mwake mwaka 1874, aliambiwa na wenyeji kwamba maji haya yanakwenda Lualaba. Akaamini, ingawa mbele yake mto ulikuwa umezibwa na mafunjo na uoto mwingine unaoelea. Stanley alikuja 1876, akaona maji yamesimama, akabisha. Miaka michache baadaye kizuizi hicho kilivunjika. Joseph Thomson alipofika mwishoni mwa 1879 aliukuta mto unakwenda kwa nguvu, na ziwa likawa linashuka. Wenyeji ndio waliokuwa wamesema kweli. Ziwa zima lina njia hii moja tu ya kutokea, na njia hiyo imepasua milima karibu kabisa na kivuko cha kwenda Ujiji. Mto uliipa reli bonde. Kivuko kiliipa sababu ya kuishia hapa badala ya mahali pengine kwenye mwambao huu mrefu.

Kuna pingamizi jingine lililo zito zaidi. Njia ya Mtowa ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Je, ni haki kuitafutia Kalemie asili katika njia ya namna hiyo? Naona ni haki, na ni lazima. Jacques alitumwa na chama cha Kibelgiji cha kupinga utumwa. Alijenga boma hapo kwa sababu watumwa walipita hapo, na mwaka 1892 watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa, wakalizingira. Ukianza hesabu na reli, waliovushwa kwa nguvu wanafutwa katika habari za mji ambao mateso yao yalichangia kuuzaa. Ndivyo pia kinavyofutwa Kiswahili, kilichokuja na misafara hiyo hiyo na leo ni lugha ya soko, ya kanisa na ya nyumbani.

Vita ya kwanza ya dunia iliuthibitisha mstari wa zamani kati ya Ujiji na Mtowa. Reli ya Wajerumani ilikuwa imefika Kigoma, jirani na Ujiji, mwaka 1914, na ya Wabelgiji Lukuga 1915. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zilizoruka kutoka kiziwa cha Tongwe, karibu na Mtowa, ziliishambulia Kigoma. Vita ilipokwisha, Ubelgiji ilidai na kupata kwa mkataba wa 1921 eneo lake la bandari Kigoma na jingine Dar es Salaam, ili shehena ya Kongo ifike baharini kwa mkondo ule ule wa Ujiji. Mlango wa Lukuga nao ungali na uzito wake: ziwa lilipofurika 2020 na 2021, na tena 2024, maji yaliingia kwenye nyumba za Kalemie kama yalivyoingia Uvira na Bujumbura, na yote yalikuwa yakisubiri kutokea Lukuga. Mpango wowote wa kuifufua bandari unaoihesabu Kalemie kuwa kituo cha mwisho cha reli, bila kuihesabu ng'ambo na mlango wa mto, utakuwa umepangwa kwa nusu ya mji.