PICHA HAISEMI YOTE: KISA CHA "BINTI QAJAR"

Pengine nawe umeletewa picha hii kwenye simu: mwanamke mnene wa Kiirani, sketi fupi, na vinyweleo juu ya mdomo kama sharubu. Chini yake pameandikwa eti ni Binti Qajar, mrembo wa zama zake, na wanaume 13 walijiua kwa kuwakataa. Watu wakacheka, wakasambaza.

Hebu tusimame kidogo. Wanaume hao 13 hawana ushahidi wowote. Na huyo "binti" si mmoja, ni wawili: Esmat al-Dowleh na Taj al-Saltaneh, dada kwa baba, ambao picha zao zimechanganywa. Baba yao, Naser al-Din Shah, alitawala Irani kutoka 1848 hadi 1896. Alipenda kamera mno, hata wake zake akiwapiga picha mwenyewe. Albamu za zama hizo zimehifadhiwa katika Kasri la Golestan, mjini Tehran.

Sasa fahamu: nguo zile zilikuwa za ndani, upande wa wanawake. Wakitoka nje walijifunika mpaka uso. Na vile vinyweleo, wakati ule vilihesabiwa uzuri. Kwa hivyo tunachokicheka ni siri ya nyumba ya watu.

Taj al-Saltaneh aliozwa angali mtoto, na baadaye akaachana na mumewe. Katika harakati za kudai katiba, zilizoanza 1905, aliingia chama cha wanawake. Mwaka 1914 akaandika kumbukumbu zake, akalalamikia ndoa za utotoni, wanawake kunyimwa elimu, na hata kule kufunikwa uso. Unaweza kumkubali au kumpinga, lakini hayo ni maneno yake mwenyewe. Mbona hayo hayasambazwi?

Wako wanaofanya kazi hii vizuri. Mwanahistoria Afsaneh Najmabadi wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake wamekusanya picha za wanawake wa zama hizo pamoja na barua na hati za ndoa zao. Hapo picha hupata wa kuisemea.

Vijana wenzangu, mwezi huu tumefunga tumbo. Tufunge na vidole pia. Ukiletewa picha ya mwanamke, uliza kwanza: nani aliipiga, aliipiga ili ionwe na nani, na mwenyewe alisema nini?