Manifoldi Kama Hati: Karakana za California na Magari ya Misuli ya Marekani

Wanaosimulia historia ya magari ya misuli ya Marekani, yaani magari ya ukubwa wa kati yaliyofungwa injini kubwa kupita kiasi, kwa kawaida huanzia Detroit. Hutaja Pontiac GTO ya mwaka 1964, hupita kwenye injini ya Hemi ya Chrysler na Camaro Z/28 ya Chevrolet, kisha humalizia na sheria za moshi na uhaba wa mafuta wa 1973. Hakuna uongo katika simulizi hiyo, ila imekatwa kichwa. Kabla viwanda vikubwa havijamuuzia kijana gari la kasi, vijana wenyewe walikuwa wameshatumia karibu miaka thelathini kulitengeneza kwa mikono yao, na ushahidi wa kazi hiyo umebaki kwenye vipuri ambavyo leo warejeshaji wa magari ya kale huvifungua na kuviweka kando. Ninashikilia kwamba manifoldi ya kuvutia hewa iliyofungwa na mwenye gari, nje ya kiwanda, ni hati ya historia yenye uzito sawa na gari lenyewe, na kwamba desturi ya kurudisha kila gari lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani inafuta sehemu muhimu ya historia ambayo desturi hiyo yenyewe inadai kuilinda.

Kwa nini manifoldi, na si kemshafti au pistoni? Kwa sababu ni kipuri kinachoonyesha fikra ya aliyekiunda. Manifoldi ni chemba yenye mabomba inayokaa kati ya kabureta na silinda. Pistoni inaposhuka huvuta hewa iliyochanganyika na petroli kupitia humo, na injini haiwezi kutoa nguvu kuliko inavyoruhusiwa kuvuta. Katika injini ya V8, mivuto hufuatana kila krenkishafti inapozunguka nyuzi 90. Silinda zote nane zikigawiwa kutoka chumba kimoja, mvuto wa silinda moja huweza kuipokonya nyingine sehemu yake. Mafundi waligawa manifoldi ghorofa mbili, kila ghorofa ikilisha silinda nne, ili kila upande upate mvuto mmoja kwa kila nyuzi 180. Mpangilio huo huipa injini msukumo mzuri ikiwa bado inazunguka polepole. Chumba kimoja kilicho wazi, chenye njia fupi zilizonyooka, hushinda injini inapokimbia sana, lakini gari huwa zito mjini. Kiwanda kilikuwa na mahitaji mengine: gharama ndogo, utulivu, na injini inayokubali kuwaka asubuhi ya baridi, ndiyo maana joto la eksozi lilipitishwa chini ya sakafu ya manifoldi ili petroli igeuke mvuke. Mwanamashindano aliliziba tundu la kupitishia joto hilo, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hubeba nguvu zaidi. Kila uamuzi wa namna hii umebaki ndani ya chuma, na anayejua kukisoma atamtambua mtu aliyetaka kushinda na mtu aliyetaka kufika kazini.

Mwaka 1932 Ford ilitoa V8 yake ya kwanza, injini ya inchi za ujazo 221 na nguvu farasi 65, kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuimudu. Miaka michache baadaye magari hayo yalikuwa mitumba ya bei nafuu, na kusini mwa California kulikuwa na mabonde makavu ya maziwa, Muroc likiwa mojawapo, ambako ardhi tambarare ilimruhusu kijana kukimbiza gari hadi lifike mwisho wake. Mwaka 1937 vilabu vya huko viliunda SCTA, chama kilichoweka kanuni na kupima kasi kwa saa. Upimaji huo ulibadilisha kila kitu, maana majigambo ya gereji sasa yaliweza kuthibitishwa au kukanushwa kwa tarakimu. Vic Edelbrock, fundi aliyehamia kutoka Kansas, alijaribu manifoldi aliyoshirikiana kuiendeleza na Tommy Thickstun, hakuridhika, akachora yake ya kabureta mbili iliyokuja kuitwa Slingshot. Mwaka 1941, katika bonde la Rosamond, gari lake la Ford ya 1932 lilipita maili 121 kwa saa, na gari hilohilo ndilo alilokuwa akilitumia barabarani. Slingshot zipatazo 100 ndizo zilizotengenezwa. Phil Weiand, aliyepoteza nguvu za miguu kwa ajali ya gari, aliendelea kubuni manifoldi akiwa katika kiti cha magurudumu, na jina lake likasimama sambamba na la Edelbrock kwa miongo. Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha mbio hizo lakini vikawafundisha kazi wengi: viwanda vya ndege vya eneo hilo vilizalisha watu waliojua kusubu na kuchonga alumini kwa vipimo vya uhakika. Amani iliporudi, ujuzi huo ulihamia katika karakana ndogo. Edelbrock alitoa orodha yake ya kwanza ya bidhaa mwaka 1946, na Januari 1948 Robert Petersen akaanzisha jarida la Hot Rod, lililopeleka habari za bonde la California hadi miji ambayo haikuwahi kuliona.

Ushahidi wa nguvu kuliko wote ninaoujua ni waraka wa ndani wa General Motors. Tarehe 16 Desemba 1953, Zora Arkus-Duntov, mhandisi ambaye alikuwa hajamaliza hata mwaka mmoja Chevrolet, aliwaandikia wakubwa wake kuhusu vijana na magari ya kasi. Alieleza kwamba majarida ya vijana hao yalijaa Ford tupu, na kwamba kijana aliyekulia kwenye Ford hangehama kwa urahisi. Dawa aliyopendekeza haikuwa matangazo. Alitaka Chevrolet iwe na vipuri maalumu vilivyokwisha buniwa na kujaribiwa, na katika orodha yake zilikuwemo kemshafti, valvu, springi, manifoldi na pistoni. Duntov hakuwa mtazamaji wa mbali. Kabla ya kuajiriwa, yeye na ndugu yake waliuza Ardun, vichwa vya silinda vya kufungwa juu ya V8 ya Ford, kwa wanamashindano walewale aliokuwa akiwaandika. V8 mpya ya Chevrolet ilipotoka kwa magari ya mwaka 1955, ikiwa na inchi za ujazo 265, kampuni ilikuwa na mtu wa kuifungulia njia hiyo, na kufikia 1957 iliuza injini ya inchi 283 yenye nguvu farasi 283, ikilishwa petroli kwa mfumo wa kupuliza badala ya kabureta.

Ujuzi husafiri pamoja na watu, na Fran Hernandez ni mfano wa pili. Alikuwa fundi katika karakana ya Edelbrock miaka ya 1940. Miaka ya 1960 alikuwa ndani ya Ford, akisimamia mashindano ya chapa ya Mercury. Mwaka 1964 Mercury ilileta magari sita ya Comet ya V8 katika mbio za East African Safari, yakiwa yameandaliwa na karakana ya Bill Stroppe huko California. Mvua na tope vilifanya kazi yake: yalimaliza mawili tu, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina GT ndogo ya Peter Hughes na Billy Young. Matokeo hayo yanafundisha pia, kwa sababu nguvu iliyobuniwa kwa ajili ya lami iliyonyooka ilikutana na barabara zilizohitaji wepesi na uvumilivu, na tope halikujali ukubwa wa injini.

Yupo atakayesema kwamba hoja hii inawanyima wahandisi wa Detroit haki yao. Pingamizi hilo lina msingi, na mfano wake bora ni Chrysler. Mwaka 1960, Chrysler 300F ilipata manifoldi ya mabomba marefu ya inchi 30, yaliyovuka juu ya injini hadi kila kabureta ikaning'inia upande wa pili. Urefu huo ulikokotolewa. Valvu inapofunga, wimbi la shinikizo hurudi nyuma ndani ya bomba, na bomba likiwa na urefu ufaao wimbi hilo hurejea wakati valvu inafunguka tena, likasukuma hewa ya ziada ndani ya silinda. Hiyo ni fizikia ya sauti, na haikuokotwa kwenye ziwa kavu. Lakini tazama ilikotokea. Kundi la wahandisi vijana wa Chrysler waliojiita Ramchargers walijenga, kwa muda wao wenyewe, Plymouth kuukuu ya mwaka 1949, wakaifunga manifoldi ya mabomba marefu yaliyosimama wima, wakaipeleka kwenye mashindano ya mstari mnyoofu mwaka 1959. Walikuwa na shahada na vyumba vya majaribio, na bado waliona lazima wajipime mahali ambapo mafundi wa California walijipimia. Simaanishi basi kwamba karakana ziliifundisha Detroit kila kitu. Ninachosema ni kwamba mpaka kati ya kiwanda na gereji ulivukwa pande zote mbili, na anayeuchora kama ukuta anakosea kwa upande wowote atakaouanzia.

Kisa cha GTO kinaonyesha jinsi uvukaji huo ulivyogeuka biashara. General Motors ilikuwa imejitoa katika mashindano mwanzoni mwa 1963 na iliweka kikomo cha inchi za ujazo 330 kwa magari ya ukubwa wa kati. John DeLorean na wenzake Pontiac walikizunguka kikomo hicho kwa kuiuza injini ya inchi 389 kama nyongeza ya hiari juu ya gari la kawaida. Mnunuzi aliyetaka zaidi alipata kabureta tatu juu ya manifoldi moja, na nguvu farasi 348. Kabureta nyingi kwenye manifoldi moja ni mpangilio ambao vijana walikuwa wakiujenga wenyewe juu ya V8 za Ford tangu kabla ya vita. Yalipofika magari ya 1967, GM ilipiga marufuku kabureta nyingi kwa kila gari lake isipokuwa Corvette, na mara mpangilio huo ukarudi ulikotoka, kwenye maduka ya vipuri. Miaka miwili baadaye Chrysler ilikwenda mbali zaidi. Dodge Super Bee na Plymouth Road Runner za katikati ya 1969, zenye injini ya inchi 440, kabureta tatu za Holley na nguvu farasi 390, zilitoka kiwandani zikiwa na manifoldi ya alumini iliyotengenezwa na Edelbrock. Kampuni ya Detroit ilinunua kwa karakana ya California kipande kinachoamua tabia ya gari lake, ikakipa dhamana yake yenyewe.

Hapo ndipo dai la uhalisi linapoanza kuyumba. Katika maonyesho mengi ya magari ya misuli, waamuzi hukagua namba za usubu na tarehe zilizopigwa kwenye chuma, na gari hupunguziwa alama kwa kila kipande ambacho hakikuwemo siku ya kwanza. Kwa kanuni hiyo Edelbrock iliyo juu ya Super Bee ya 1969 ni halali, ilhali Edelbrock aliyoifunga mwenye Chevrolet Chevelle miezi michache baada ya kulinunua gari lake ni kasoro, na chuma kizito cha kiwanda lazima kitafutwe kirudishwe. Wanaotetea kanuni hii husema kwamba bila siku moja ya kushikilia hakuna kipimo, na kila mtu ataita upuuzi wake historia. Naielewa hofu hiyo, kwa sababu soko limejaa uongo. Hata hivyo tarehe ya kutoka kiwandani ni kipimo kimoja tu kati ya vingi vinavyoweza kuthibitishwa. Risiti, picha za wakati huo, alama za usubu wa manifoldi yenyewe na kumbukumbu za mashindano huthibitisha badiliko la 1970 kama vile namba za kiwanda zinavyothibitisha gari la 1969. Wamarekani wameshakubali msingi huu kwa magari ya zamani zaidi: Ford ya 1932 ya Bob McGee, iliyobadilishwa kutoka bampa hadi bampa na kuonekana kwenye jalada la Hot Rod Oktoba 1948, imeingizwa katika rejesta ya taifa ya magari ya kihistoria. Kama badiliko la 1948 ni urithi, sioni hoja ya kulikataa la 1970.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili: vipuri hivi vilikunywa mafuta, vilichafua hewa na vilisaidia vijana kufa barabarani. Ni kweli, na mwanahistoria asilifiche hilo. California, iliyovizaa, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuvibana. Bodi yake ya hewa iliundwa 1967, na baadaye ikawalazimu watengenezaji kuonyesha kwamba kipuri chao hakiongezi moshi kabla ya kukiuza kwa matumizi ya barabarani. Manifoldi zilizobuniwa baada ya hapo zilianza kurudisha yale waliyoyazima wanamashindano, tundu la joto na nafasi za vifaa vya kupunguza moshi. Ukiziweka kwenye meza moja, ya 1965 na ya 1980, unaona sheria ikiingia ndani ya alumini. Hata makosa ya wanunuzi yamebaki humo, mathalani chumba kimoja kikubwa na kabureta kubwa juu ya injini ya mtaani ambayo haikuwahi kufika mzunguko wa kuvihitaji, na gari likawa dhaifu kuliko lilivyonunuliwa.

Kwa hiyo namna ya kuhifadhi ina uzito. Manifoldi inayopigwa mchanga na kung'arishwa hadi iakisi uso hupoteza ngozi ya usubu, alama za patasi na rangi ya joto la miaka. Za Chrysler za 1960 ni onyo la wazi: toleo la nguvu farasi 400 lilifanana kwa nje na la 375, tofauti ikiwa ndani, ambako ukuta kati ya mabomba ulikatwa ili urefu unaofanya kazi ubaki kama inchi 15. Asiyechungulia ndani hatajua ameshika nini. Na sasa kwa kuwa miundo ya zamani inasubiwa upya ikiwa na majina yaleyale, hatua ya kwanza inayostahili kudaiwa kwa watengenezaji ni ndogo na haigharimu kitu: mwaka wa usubu uandikwe kwenye kalibu, mahali ambapo msasa haufiki.